Tulikuwaka: Kumbukumbu za Safari ya Masomo na Ulezi wa Vijana

Ripoti rasmi ya safari ninayoizungumzia hapa imo katika jalada la idara yetu. Ina kurasa kumi na moja, na yeyote apendaye kuisoma atakuta humo idadi ya semina nilizohudhuria, orodha ya vitabu nilivyovileta maktabani, na pendekezo la kubadilishana walimu ambalo hadi leo halijatekelezwa. Katika ukurasa wa tisa kuna sentensi moja isemayo kuwa mwalimu alishiriki pia katika ulezi wa vijana wa jumuiya ya wakimbizi. Makala haya yanahusu sentensi hiyo. Nimechelewa kuyaandika, kwani mambo yenyewe yalitokea kati ya Agosti na Desemba 2018, na sababu ya kuchelewa si wingi wa kazi peke yake. Nilifanya kosa ambalo mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili angetarajiwa kulitambua katika mtihani, na mtu haoni raha kuyaanika makosa ya aina hiyo mbele ya wanataaluma wenzake.

Mji uliokuwa mwenyeji wangu ni Lexington, katika jimbo la Kentucky, nchini Marekani. Nilikwenda huko kwa likizo ya utafiti ya muhula mmoja, kusoma maandishi ya isimujamii ambayo hatukuwa nayo nyumbani na kusaidia darasa la Kiswahili la chuo kilichonialika. Ni nchi ya farasi. Ukitoka mjini kidogo unaona malisho yaliyozungushiwa ua wa mbao nyeusi, na mwezi Oktoba watu hufurika katika uwanja wa Keeneland kutazama mbio. Sikutazamia kukisikia Kiswahili mahali kama hapo, nje ya darasa. Hata hivyo, siku ya tatu, nikiwa kwenye foleni ya duka la vyakula, nilimsikia mama mmoja nyuma yangu akimkaripia mwanawe: "Wacha! Ile haina yako!" Niligeuka kana kwamba nimeitwa kwa jina.

Mama yule, kama nilivyokuja kufahamu baadaye, alikuwa mmoja wa Wakongo wengi waliohamishiwa Marekani kutoka makambi ya Afrika Mashariki. Msomaji atakumbuka kuwa vita vilivyoanza mashariki ya Kongo mwaka 1996 viliwavusha watu wengi Ziwa Tanganyika, na kwamba kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka huohuo kwa ajili yao. Wengi walikuwa Wabembe na jirani zao kutoka Fizi, Uvira na Baraka. Baada ya miaka mingi ya kusubiri amani isiyofika, mpango wa kuwahamishia Wakongo nchi za mbali ulipanuliwa, na katika mwaka wa fedha wa 2016 pekee Marekani iliwapokea zaidi ya 16,000, idadi iliyozidi ile ya taifa lingine lolote mwaka huo. Mlango huo ulikuja kufungwa Januari 2025, mpango wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa kwa amri ya rais. Lakini mwaka 2018 familia zilizotangulia zilikwisha kukaa, na watoto wao walikuwa katika shule za sekondari za mji ule.

Sharti moja la ufadhili wangu lilikuwa kutoa alasiri mbili kila juma kwa vijana hao. Wenyeji wangu walikuwa na jina lao la kazi hiyo. Mimi niliiita ulezi, kwa maana ile tunayokusudia tunaposema mlezi wa chama cha wanafunzi: mtu mzima anayekaa karibu, asiyetoa alama wala adhabu. Nilipowaeleza wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa walezi wenzangu kwamba Waswahili walikuwa na kazi hiyo zamani na majina yake kamili, somo na kungwi, walifurahi na kuyaandika. Sikuwaambia kwamba kungwi, katika mapokeo yetu, hufundisha kwa kukosoa, na kwamba mwari hana ruhusa ya kumjibu. Labda ningejiambia mimi mwenyewe.

Tulikutana katika ukumbi wa chini wa kanisa moja, penye meza ndefu na harufu ya kahawa. Vijana walikuwa kati ya ishirini na thelathini, wa umri wa miaka kumi na minne hadi kumi na minane. Kazi zilikuwa za kawaida: hesabu, historia ya Marekani, fomu za maombi ya vyuo, na barua za serikali ambazo wazazi waliwapa watoto wazisome. Wanafunzi wa Kimarekani wa darasa la Kiswahili walikuja pia ili wapate mazoezi. Waliingia na "Hamjambo" yao iliyotamkwa vizuri kabisa, wakasubiri "Hatujambo", na vijana wakatazamana na kucheka. Mmoja wao akajibu kwa Kiingereza kuwa yu mzima. Niliandika tukio hilo katika daftari langu kama mfano wa kutopatana kwa sajili. Wakati huo niliona ni jambo la kuchekesha tu.

Kwa mwanaisimu, ukumbi ule ulikuwa shamba lililoiva. Niliyasikia kwa masikio yangu mambo niliyokuwa nikiyafundisha kutoka vitabuni. Edgar Polomé alikwisha kukieleza Kiswahili cha Lubumbashi tangu miaka ya 1960, na kitabu cha Johannes Fabian cha mwaka 1986 kimeonyesha jinsi Kiswahili kilivyofungamana na utawala wa kikoloni katika Kongo hadi mwaka 1938. Lakini Kiswahili cha Katanga si hicho cha Fizi, na mtoto aliyezaliwa kambini, akasoma kwa mtaala wa Kongo ambao lugha yake ya kufundishia ni Kifaransa, akasikia Kiha sokoni na Kibembe nyumbani, kisha akahamia Kentucky, ana Kiswahili ambacho hakimo katika kitabu cha mtu yeyote. Walisema "batu" na "bintu". Walisema "niko nasoma". Daftari kwao lilikuwa "kaye", kalamu "biki". Ukanushi wa "si" ulikuwa "haina", kama yule mama wa dukani alivyosema. Na mwishoni mwa vitenzi vyao vingi vya wakati uliopita palikuwa na silabi moja ambayo Kiswahili Sanifu hakina: "tulikuwaka", "walisemaka", "alikuyaka".

Miongoni mwao alikuwapo kijana wa miaka kumi na saba niliyekabidhiwa kumwongoza. Jina lake silitaji. Alizaliwa Nyarugusu mwaka 2001 na kufika Kentucky mwaka 2015. Alikuwa hodari wa hesabu, mpole, na mwenye tabia ya kujibu swali baada ya kimya kirefu ambacho mwanzoni nilidhani ni kutoelewa. Siku ya kwanza nilimwambia kuwa nami nimezaliwa wilaya ya Kasulu. Alinitazama sana, kisha akasema: "Basi tuko wa pamoja, Mama Mwalimu. Lakini mie Kasulu mujini sikufikaka." Hakulalamika, alieleza tu. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, na hivyo mtoto yule aliyezaliwa katika ardhi ya wilaya yangu aliiona dunia ya Kentucky kabla ya kuuona mji ambao mimi nilikuwa nikitumwa sukari.

Katika maombi ya vyuo vya huko, mwombaji hutakiwa kuandika insha ya maisha yake, isiyozidi maneno 650. Tarehe ya mwisho ya nafasi aliyoitaka, ambayo iliandamana na msaada wa karo, ilikuwa 1 Novemba. Kijana alikuwa ameandika aya mbili za Kiingereza, baridi kama barua ya benki. Nikamshauri, na ushauri huo nauona bado kuwa sahihi, asimulie kwanza kwa Kiswahili, nami niandike, kisha tutafute Kiingereza chake pamoja. Alikubali. Alinyamaza kama kawaida yake, halafu akaanza:

"Kule kambini tulikuwaka tunaamka usiku juu ya mayi. Batu beko bengi, robine ni moja…"

Kalamu yangu ilisimama kwenye neno la tatu. Nikasema, kwa sauti ambayo niliamini kuwa ya upole: "Tulikuwa. Sema: tulikuwa tukiamka." Akasema tulikuwa. Akaendelea. Nikasema: "Kwa sababu ya maji. Juu ya maji ni kama unaelea." Nilitabasamu, na mwanafunzi wa Kimarekani aliyekaa karibu nasi akacheka, kwa kuwa alikuwa amejifunza "juu ya" juma lile lile. Kijana akasema kwa sababu ya maji. Alipofika kwenye "batu" alisita mwenyewe kabla sijafungua kinywa, akatafuta, akasema "watu", kisha "wengi", kisha akapoteza alichotaka kusema. Sentensi zilizofuata zilikuwa za maneno manne, halafu matatu. Mwishoni alisema kwa Kiingereza kuwa amechoka, na kwa Kiswahili: "Mama Mwalimu, uandike wewe. Wewe unakijua."

Hakuja alasiri iliyofuata, wala iliyofuata hiyo.

Kila mwaka, katika juma la nne la kozi yangu ya isimujamii, hufundisha makala ya William Labov ya mwaka 1969 juu ya mantiki ya Kiingereza kisicho sanifu. Wasomaji wa jarida hili wanaifahamu. Mtoto mweusi wa Harlem, wa miaka minane, aliyepewa jina la Leon, anahojiwa na mtu mzima na kujibu kwa neno mojamoja. Mtafiti mwenye haraka angehitimu kuwa mtoto hana lugha. Kisha Clarence Robins, ambaye naye ni mtu wa Harlem, anarudi na kiazi cha kukaanga cha paketi, anamleta rafiki wa Leon, anaketi sakafuni na kuzungumza mambo ambayo hayazungumzwi mbele ya wakubwa, na mtoto yule yule anakuwa msemaji asiyekatika. Kimya hakikuwa cha mtoto, bali cha hali aliyowekwa. Nimelisema jambo hilo ubaoni kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, nimelitungia maswali ya mtihani, na nimewanyima alama waliolieleza vibaya. Na ilinichukua siku tisa, katika ukumbi wenye paketi za viazi mezani, kutambua kuwa nilikuwa nimeketi katika kiti cha mhoji wa mahojiano yale ya kwanza.

Siku ya tisa ndipo nilipomkuta mdogo wake wa kike, nikamwuliza habari za kaka yake. Alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye hesabu zake: "Anasema Kiswahili yake ni ya bongo." Kwao "bongo" ni uongo. Kisha akaongeza kuwa mama yao amelazwa.

Lililotokea nililielezwa baadaye na mama mwenyewe, nami nalisimulia kwa ruhusa yake. Alikuwa na maumivu kwa juma zima, akaenda kliniki. Sheria za huko hazipendi mtoto awe mkalimani wa mzazi wake, na kwa sababu nzuri, kwa hiyo kliniki hutumia mkalimani wa simu. Lakini katika familia ile palikuwa na utaratibu mwingine usioandikwa: kijana huketi kando ya simu na kusikiliza, na mkalimani anapokwama, hunong'ona. Mkalimani, kwa kawaida, alikuwa mtu wa Kenya au wa Pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kama changu. Siku hiyo kijana alikataa kwenda. Alimwambia mama yake kuwa hajui Kiswahili, kwamba mwalimu mkubwa kutoka Dar es Salaam amemwonyesha. Mama akaenda peke yake. Alipoulizwa anaumwa wapi alijibu: "Haina tumbo, ni huku chini." Kwa Kiswahili chake, alikuwa amesema kwamba si tumbo. Kwa Kiswahili cha mkalimani, sentensi hiyo haina maana, na yamkini mkalimani alifanya kile ambacho sote hufanya tunaposikia sentensi isiyo na maana: akaliacha neno asilolielewa na kubakiza alilolielewa. Akatafsiri tumbo. Mama akapewa dawa za tumbo, akazimeza kwa uaminifu. Maumivu yalikuwa ya kibofu, na kufikia siku ya sita maradhi yalikwisha kupanda kwenye figo.

Alilazwa usiku mbili. Alipona. Naweka jambo hilo wazi ili msomaji asidhani kuwa naandika tanzia. Lakini katika kazi yangu yote, sijapata kuona kitenzi kishirikishi kikimpeleka mtu hospitali.

Nilikwenda kuwaona Jumapili jioni. Mama alikuwa amerudi, ameketi kwenye zulia akichambua sombe, ambayo sisi huiita kisamvu, iliyonunuliwa ikiwa imegandishwa katika duka la Waafrika. Alinisalimu kwa Kiha. "Mwakeye," alisema, ingawa salamu hiyo ni ya asubuhi. Aliipata kwa Waha waliokuja kuuza mihogo kambini, na hakuwa na nyingine. Nilivua viatu nikaketi zuliani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, na nilipoyasema yalikuwa marefu mno, yenye viambajengo vyote mahali pake. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Mama Mwalimu, huyu mutoto njo kinywa yangu. Ukimufunga yeye, umenifunga na mie."

Kisha akanipa fungu la majani nichambue.

Sikulala vizuri usiku ule, na nilichokiwaza hakikuwa Labov. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1978, katika miaka ile ya Elimu ya Msingi kwa Wote, nikiwa sijui Kiswahili zaidi ya maneno ya dukani. Shuleni kwetu palikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Aliyesikika akisema Kiha alikivaa shingoni hadi amnase mwenzake, na aliyekuwa nacho jioni alichapwa. Nilikivaa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Aghalabu kilichoniponza hakikuwa msamiati, maana msamiati niliukariri upesi. Kilikuwa kitenzi. Mama yangu alipozungumza juu ya zamani alisema "twarimaga": tulikuwa tukilima, miaka nenda miaka rudi, hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu. Kiha, kama jirani yake Kirundi, hubeba mazoea hayo yote katika silabi moja mwishoni mwa kitenzi. Mtoto wa miaka minane anayefikiri kwa "-ga" na kulazimika kusema kwa Kiswahili huibandika hiyo "-ga" bila kujua. Nilisema "tulikuwaga", nikavishwa ubao.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili nilijifunza kuwa silabi ile ina nasaba. Meeussen, katika urejeshi wake wa sarufi ya Kibantu wa mwaka 1967, anaitambua kama *-ag-, kiambishi cha hali ya kuendelea au ya mazoea, kilichohifadhiwa katika lugha nyingi na kupotea katika nyingine. Kiswahili Sanifu ni mojawapo ya zilizokipoteza. Tuna "hu-" badala yake, lakini "hu-" haipokei njeo, na hivyo Mswahili sanifu akitaka kusema mazoea ya zamani hana budi kutumia vitenzi viwili. "Tulikuwaka" ya kijana yule na "twarimaga" ya mama yangu ni jamaa. Hali kadhalika "batu" yake iko karibu zaidi na "abantu" ya nyumbani kwetu kuliko "watu" yangu ya darasani. Na jina lenyewe la taaluma yetu, Kibantu, ambalo tangu Bleek katika karne ya 19 limejengwa juu ya "ba-" hiyo hiyo, linatamkwa kila siku na wahadhiri wanaoisahihisha kwa wino mwekundu. Mimi nikiwa mmojawapo. Kibembe ni D54 na Kiha ni D66 katika uainishaji wa Guthrie. Kiswahili ni G42. Namba hizo nilizijua kwa moyo. Sikuwahi kuzisoma kama anwani za watu.

Nisieleweke vibaya. Mimi si miongoni mwa wale wanaokibeza Kiswahili Sanifu, msimamo ambao siku hizi hupendeza katika makongamano. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na Kiunguja kilichowekwa kuwa msingi, vilikuwa kazi ya utawala wa kikoloni, lakini ni Kiswahili hicho kilichoniwezesha mimi, binti wa mkulima wa Kasulu, kusoma na binti wa Tanga na binti wa Lindi katika bweni moja bila yeyote kuwa mgeni. Nisingependa watoto wetu wanyimwe. Ninachokihoji ni amri niliyoibeba hadi Kentucky. Hapakuwa na mtihani wa Kiswahili katika ukumbi ule. Hapakuwa na kitabu cha kuchapishwa, wala taifa la kujengwa. Palikuwa na kijana mwenye jambo la kusema na muda mfupi wa kulisema, na mimi, bila kuulizwa, nikaitisha Kamati nzima ya 1930 ikae kati yetu.

Kijana alirudi wiki iliyofuata. Tarehe 1 Novemba ilikwisha kupita, na nafasi yenye msaada wa karo ilikwenda nayo. Palibaki nafasi ya kawaida ya mwezi Januari. Hakutaka tena kunisimulia, nami sikumwomba. Badala yake nilimwomba anifundishe, jambo ambalo kwanza alilishuku, na alikuwa na haki. Nilileta daftari na kumwuliza tofauti ya "tulikuwa" na "tulikuwaka", kama nilivyopaswa kumwuliza tangu mwanzo, nikiwa na jibu langu la kitabuni mfukoni. Alinyamaza kimya chake kirefu. Safari hii nilingoja.

"Tulikuwa ni siku moja," alisema. "Tulikuwaka ni maisha."

Nimesoma maelezo mengi ya hali timilifu na isiyo timilifu, na nimeandika baadhi yake. Sijui lililo bora kuliko hilo.

Insha aliiandika mwenyewe kwa Kiingereza, mwezi Desemba, na alinionyesha siku mbili kabla sijaondoka. Ilihusu usiku wa kungoja maji Nyarugusu: jinsi ndoo zilivyopangwa zikawakilisha wenyewe waliolala, jinsi mtu alivyoweza kumtambua jirani kwa rangi ya ndoo yake, na jinsi alivyojifunza kuhesabu kwa kukisia foleni itachukua muda gani. Neno moja tu la Kiswahili lilikuwamo, katika sentensi ya kwanza, nalo lilifuatiwa na maelezo ya mstari mmoja kwa msomaji wa Kimarekani. Msomaji atakuwa amekwisha kulikisia. Nilipofika hapo kalamu ilikuwa mkononi mwangu, kwa mazoea, na nadhani aliiona.

Sijui alipokelewa wapi. Mwaka 2019 familia ilihamia Iowa, ambako viwanda vya nyama vililipa zaidi, na namba ya simu niliyokuwa nayo haikupatikana tena. Wakongo wa Lexington walioniandikia baadaye walisema tu kwamba mama ni mzima.

Mwaka jana, nikisahihisha insha za darasa langu la mwaka wa kwanza, nilikuta sentensi iliyoanza hivi: "Wazee wetu walikuwaga wanasema…" Si jambo geni. Kila msomaji wa makala haya anayefundisha Tanzania Bara amelizungushia duara neno hilo au ndugu zake, "huwaga" na "anaendaga", na sote tumezoea kusema kuwa ni lugha ya mitaani, kana kwamba mitaa haikai watu wenye mama. Nami nililizungushia duara kabla sijajijua. Kisha, pembeni, badala ya neno sahihi, nikaandika: njoo ofisini tuzungumze.

Alikuja kesho yake asubuhi, msichana mwembamba aliyesimama mlangoni hata baada ya kukaribishwa. Insha alikuwa nayo mkononi, pamoja na wino mweupe wa kufutia. Alikuwa amekwisha kulifuta neno lenyewe na kuandika juu yake "walikuwa", kwa mwandiko safi kabisa, na wino ulikuwa haujakauka vizuri. Aliomba radhi. Nikamwomba aketi, na aniambie kwanza, kwao wanalisemaje.